Maelezo ya Nyuma ya Karatasi

"Mama Vipimo, hivi cherehani yako ina ugonjwa gani? Inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kachupa ka mafuta kanauzwa pale dukani, bei yake haifiki hata ya mche wa sabuni. Kwa nini huitii mafuta?"

Aliyeuliza alikuwa msusi, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyehamia mwezi mmoja tu nyuma. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, kichwa cha mteja kati ya magoti, kitana mdomoni, na bado maneno yalimtoka. Mdomo wa msusi yule haukuwa na breki, lakini haukuwa na ubaya pia.

Mama Vipimo aliinamia suruali aliyokuwa akiikunja upindo.

"Imezoea," akasema.

"Cherehani imezoea! Haya, basi na mimi masikio yangu yatazoea." Mteja akacheka chini kwa chini. Mama Vipimo hakucheka, wala hakununa. Alikanyaga pedali, cherehani ikalia, akaendelea kushona.

Hakumjibu siku ile kwa sababu jibu lilikuwa refu, tena lilikuwa na mtu ndani yake.

Jina la Vipimo alipewa na mtaa. Ungepita mlangoni kwake na shughuli zako, naye angeinua macho mara moja tu na kusema, "Mwanangu, umepungua inchi mbili kiunoni, unakula kweli?" Watu waliokuwa wamenenepa walizungukia uchochoro wa nyuma kumkwepa, kwa utani. Hata hivyo hakukata kitambaa kwa kukisia. Alipima kwa utepe, mara mbili, akaandika.

Na namna yake ya kuandika ilikuwa moja, ile aliyofundishwa na mama aliyempa kazi akiwa msichana. Mbele ya karatasi ziliandikwa namba: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nyuma yaliandikwa maelezo. *Bega la kushoto limeshuka, lisionekane. Huyu ni mjamzito ila hajasema, acha nafasi. Huyu hulipa mwisho wa mwezi, usimkumbushe mbele za watu.* Kabla ya kushika mkasi, karatasi iligeuzwa. Alifanya hivyo miaka thelathini na moja, na haikumpitia akilini kwamba yuko mtu duniani anayesoma karatasi upande mmoja akaiweka chini.

Mungu alimjalia watoto watatu, akachukua wawili wakiwa wachanga. Aliyebaki alikuwa mvulana, na kwa jinsi alivyokuwa haongei, wakamwita Kimya. Kimya alikua, akaoa, mke akaondoka zake kabla mtoto hajaota meno, asirudi. Basi wakabaki watatu katika vyumba viwili: Mama Vipimo, Kimya, na binti mdogo wa Kimya. Kimya alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, upande wa kupanga magogo. Jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasalimia, akanawa, akala, wakaomba pamoja, akalala. Pombe hakuijua ladha yake. Mama yake alijua hivyo kama alivyojua urefu wa mkono wake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Asubuhi, Kimya akifunga viatu, mama yake alimwambia, "Mwanangu, cherehani imeanza kukoroma. Ukipata mafuta kidogo kule kwa mafundi mitambo, niletee."

Kimya akachukua chupa ndogo bapa aliyoiokota njiani siku chache kabla. Alikuwa ameiosha kwa maji ya moto na sabuni, lakini karatasi yake ya ubavuni ilikuwa haijabanduka yote.

"Si chupa ya pombe hiyo?" mama akauliza.

"Ilikuwa ya pombe, mama. Sasa ni ya cherehani. Inaingia mfukoni vizuri." Akaitia mfukoni, akaipigapiga pajani kumwonyesha. Wakacheka wote wawili. Kwa Kimya maneno hayo yalikuwa hotuba.

Saa tisa mchana mnyororo uliokuwa umeshika lundo la magogo ukakatika.

Msimamizi wa kiwanda aliandika taarifa ya ukurasa mmoja. Mstari wa nne ulisema: *Marehemu alikutwa na chupa ya pombe mfukoni. Alikuwa amelewa kazini.* Chupa yenyewe ilikuwa imevunjika, wao wakasoma karatasi ya ubavuni, hakuna aliyeinama kunusa. Kwa mstari huo kiwanda kikanawa mikono. Walitoa gari la kumleta nyumbani na pole ya mdomo, basi.

Mama Vipimo alipokabidhiwa nguo, aliifungua suruali juu ya kitanda. Pajani palikuwa na doa pana, lenye kung'aa kidogo. Mshonaji anajua madoa. Pombe hukauka ikaenda zake, mafuta hukaa. Aliketi kando ya suruali ile mpaka waliokuja kumliwaza wakaanza kuitana mlangoni. Chupa ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemtuma.

Ndiyo sababu cherehani ilikuwa inalia. Tangu Alhamisi ile hakuweza kutia mafuta. Mara moja alinunua kachupa dukani, akakashika mkononi njia nzima, akafika akakaweka juu ya kabati, kakabaki huko.

Alikwenda kiwandani na suruali ndani ya mfuko. Msimamizi alimsikilizia getini, hakumkaribisha ndani.

"Mama, pole. Lakini kila mzazi mtoto wake ni malaika."

"Baba, hili ni doa la mafuta. Shika tu uone."

"Kama una neno, nenda mahakamani."

Alisema hivyo kama mtu anavyofukuza kuku. Mama Vipimo alishukuru, akarudi nyumbani, akamwachia Mungu. Akadhani yamekwisha hapo, kwa sababu aliyekuwa anamjua Kimya alijua ukweli, na asiyemjua hana haja nao.

Miaka miwili na miezi kumi ikapita. Mjukuu akawa na miaka minane. Siku moja akarudi kutoka shule, akavua viatu, akavipanga ukutani, akasimama mbele ya bibi yake.

"Bibi, mlevi ni mtu wa namna gani?"

"Nani kakuambia neno hilo?"

"Wenzangu. Wanasema mimi ni mtoto wa mlevi. Mimi nikawaambia, ngojeni kwanza nikamuulize bibi."

Mama Vipimo alishusha sindano. Akamvuta mtoto, akampakata ingawa alishakuwa mkubwa mno kupakatwa, akamwambia, "Baba yako hakunywa."

"Kasema nani?"

"Nasema mimi."

Mtoto akafikiri. "Wewe ni mama yake," akasema, bila ubaya wowote. "Hawatakubali."

Kesho yake Mama Vipimo alivaa nguo zake za ibada, akafunga cherehani kwa kitambaa, akaenda mahakamani. Si aliambiwa kama ana neno aende? Alikuwa nalo.

Nje ya mahakama, barazani, aliketi mpiga chapa mmoja mzee mwenye taipu iliyopoteza herufi mbili. Yeye ndiye aliyewaandikia watu wasio na wakili. Alimsikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pole sana, mama. Umechelewa lakini hujachelewa kabisa. Shauri kama hili lina miaka mitatu tangu msiba, ikipita umefungiwa mlango. Umebakiwa na miezi miwili. Sasa, unadai kiasi gani?"

"Sidai fedha, baba. Nataka nisimame mbele ya watu niseme chupa ilikuwa ya mafuta, na wao wafute ule mstari."

"Mama, mahakama ya madai haipokei machozi matupu. Lazima kuwe na fidia." Akaanza kugonga taipu. Sifuri zilifuatana mpaka Mama Vipimo akadhani mashine imekwama.

"Baba, hizo zote?"

"Ndiyo, ili washtuke waje. Ila nikwambie kabisa, ada ya kufungua shauri inafuata kiasi."

"Basi zipunguze."

"Sifuri hazipunguzwi kama kiuno cha suruali, mama. Nikiweka kidogo, wakili wao hata kuja hatakuja, na wewe unataka waje wakusikie, sivyo?"

Ni kweli, alitaka waje. Akaweka sahihi. Ada ilipotajwa kwenye masjala, kile chumba cha majalada, aliomba itajwe tena. Ilikuwa kazi ya mwaka na nusu, kama angeshona bila kula. Karani wa masjala, kijana mwembamba mwenye shati lililompwaya mabegani, alimtazama akamhurumia.

"Kuna fomu ya msamaha wa ada, mama, kwa wasiojiweza. Hakimu akikubali, hulipi chochote. Shauri nitalipokea kwa muda, lipewe namba, tarehe isije ikapita. Wewe chukua fomu, andika kila kitu cha thamani kilichomo nyumbani mwako, kisha uje uape."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Maana utaapa."

Na suruali ya Kimya, aliyokuja nayo mfukoni, karani aliipokea pia, akaitia kwenye bahasha kubwa ya kaki, akaifunga pamoja na jalada.

Jioni ile Mama Vipimo alimwita msusi, kwa sababu macho ya msusi yalikuwa mazima na mkono wake hautetemeki. Wakaketi na fomu mezani. Ndipo alipomjibu lile swali la mafuta. Alimweleza yote, chupa, mnyororo, doa, mpaka maneno ya mtoto. Msusi aliweka kalamu chini. Aliinuka akaenda mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo, kisha akarudi na macho mekundu.

"Nilisema paka aliyekanyagwa mkia," akasema. "Dada, nisamehe."

"Hukujua. Haya, andika."

Wakaandika. Cherehani moja. Vitanda viwili. Meza. Masufuria manne. Kuku mmoja anayetaga akipenda. Nguo za wateja, kumi na saba. Halafu Mama Vipimo akanyoosha kidole chini ya kitanda.

"Na lile sanduku."

Lilikuwa sanduku la bati la chama cha akina mama wa mtaa, cha kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Lilikaa kwake kwa sababu mtaa mzima ulijua kwake halitaguswa. Funguo zake mbili zilikaa mbali. Mmoja alikuwa nao mwenyekiti, muuza mboga mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeshavuka barabara. Wa pili alipewa huyu huyu msusi, kwa kuwa alikuwa mgeni, hana undugu na yeyote.

"Sanduku usiliandike," msusi akasema. "Lile si lako."

"Limo nyumbani mwangu. Nimeambiwa kila kitu, na nitaapa."

"Wewe sanduku lenyewe hata kulifungua huwezi! Ufunguo ninao mimi hapa shingoni!"

"Ndivyo hivyo hivyo nitakavyoandika."

Akaichukua kalamu mwenyewe. Mbele, mstari wa mwisho, akaandika: *Sanduku la bati lenye fedha taslimu*, na jumla kama ilivyokuwa kwenye daftari la chama. Kisha akaigeuza karatasi, na nyuma, kwa mwandiko wake wa duara aliofundishwa shule ya msingi, akaandika maelezo: *Sanduku si langu. Ni amana ya akina mama wa mtaa kwa ajili ya wagonjwa na misiba. Funguo hazipo kwangu. Sijawahi kulifungua peke yangu. Mungu ni shahidi.* Akapuliza wino ukauke.

Asubuhi akaapa, mkono juu ya kitabu, moyo umetulia kabisa. Karani akaipokea fomu, akaipitisha kwenye mashine ya nakala, nakala akaipeleka kwa hakimu, yenyewe akaitia jaladani.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Msusi aliisoma kwa sauti, na kadiri alivyoendelea sauti ikapungua. *Ombi la msamaha limekataliwa. Mwombaji mwenyewe amekiri kuwa na fedha taslimu zinazotosha kulipa ada. Ada ilipwe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo shauri litafutwa.*

"Fedha taslimu!" msusi akapiga mapaja. "Mtu huna mbele wala nyuma, wanakwambia una fedha taslimu! Si uliwaeleza?"

"Niliwaeleza."

"Sasa?"

Mama Vipimo aliichukua barua mkononi mwake. "Sasa hawakuniamini," akasema.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko ada. Hakuwa na mali, lakini neno lake lilikuwa zima siku zote. Watu walimwachia kitambaa cha harusi bila kuandikishana. Leo alikuwa ameapa kwa Mungu, na mtu aliyesoma, mwenye joho, alikuwa amemwona mwongo. Angewezaje kurudi kule kuuliza kwa nini? Mwongo huwa haulizi. Akakunja barua, akaitia kwenye kitabu chake cha sala.

Jumamosi mchana akina mama wa chama walijaa chumbani bila kualikwa, wengine wakikaa kitandani, wengine wamesimama. Mwenyekiti alishika kiuno.

"Mama Vipimo, sisi tumeshaongea. Sanduku ni letu na sisi tumekubali. Chukua ukalipe, utarudisha polepole hata miaka mitano. Ufunguo wangu huu hapa."

"Na wangu huu," msusi akasema, na tayari alikuwa anauvua shingoni.

Mama Vipimo aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama anayewachukua vipimo. Machozi yakamtoka njia mbili mbili, asiyafute.

"Mungu awalipe. Lakini niliapa kwamba sanduku si langu. Nikichukua leo, hakimu atakuwa amesema kweli, na mimi nitakuwa niliapa uongo. Halafu nisimame mbele yao niseme mwanangu hakunywa? Kwa mdomo upi?"

"Wewe mama una kichwa kigumu!" mwenyekiti akafoka, huku analia. "Kigumu kuliko malenge la mwaka jana!"

"Nivumilieni," akasema. "Nitauza cherehani."

Fundi aliyenunua cherehani kuukuu alikuwa na kibanda karibu na soko. Alizungusha gurudumu, akakunja uso.

"Hii haina hata tone la mafuta! Tangu lini?"

"Ni karibu miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Mama, mtu unayeishi kwa mashine unaifanyia hivi?" Hapo hapo akatoa kopo, akadondosha mafuta hapa na pale, akafuta, akakanyaga pedali. Cherehani ikaenda kimya, laini, sindano ikipanda na kushuka kama haigusi kitu. Mama Vipimo alikuwa ameshasahau sauti hiyo. Alishika ukingo wa meza ya fundi, akaomba maji ya kunywa.

Fedha aliyopewa ilikuwa nusu ya ada na kidogo juu. Aliipeleka dirishani, siku ya kumi na nne, asubuhi ile ile ambayo shauri lake lilipangwa kuitwa mbele ya hakimu. Mtu wa dirishani hakuwa mkali.

"Nusu haipokelewi, mama. Hapa inaingia yote au haiingii."

"Niandikie basi kwamba nimeleta nusu."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo."

Akaingia mahakamani na nusu yake imefungwa kwenye leso. Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi mtu mmoja tu upande wake, mwenzake Kimya wa zamu. Huyu alikuwepo mnyororo ulipokatika. Alikuwa amemwona Kimya akipewa mafuta na mafundi mitambo, na alikuwa tayari kusema, ingawa kazi yake ingeweza kuota mbawa. Alikuwa amevaa shati alilowahi kushonewa na Mama Vipimo, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni, na midomo ilikuwa ikicheza polepole. Alikuwa anarudia atakayosema.

Namba ikasomwa. Wakili wa kiwanda akasimama, akainama, akakaa. Hakimu, mwanamume wa makamo mwenye mafua, alifunua jalada.

"Mdai, umelipa ada?"

"Nimekuja na nusu, Mheshimiwa."

"Ada si nusu, mama. Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa kifuani miaka mitatu. Lakini aliona jinsi mwongo anavyotazamwa, au alidhani anaona, na kilichotoka kilikuwa hiki tu: "Niliyokuwa nayo niliyaandika yote, Mheshimiwa. Nikayaapia."

Hakimu akatazama nakala iliyokuwa mbele yake, akapangusa pua kwa leso.

"Nimeyasoma," akasema, bila ukali. "Shauri limefutwa kwa kutolipiwa ada. Linalofuata."

Kutia uzi kwenye sindano huchukua muda mrefu kuliko ule. Mama Vipimo alibaki amesimama mpaka karani akamgusa kiwiko. Nje, barazani, mwenzake wa zamu alimfuata akiwa ameshika kofia yake.

"Mama, kwani mimi siulizwi?"

"Huulizwi, mwanangu."

"Hata kidogo tu? Mimi niliona."

"Najua uliona." Akamfungua kifungo cha kooni, kwa sababu kilikuwa kinambana. "Nenda kazini, usichelewe."

Siku mbili baadaye alirudi kwa fundi aikomboe cherehani. Ilikuwa imeshanunuliwa na mtu wa mbali. Ile nusu ikaenda kwa mpiga chapa na kwenye mahitaji ya shule ya mjukuu. Toka hapo alishona kwa mkono, kwenye kizingiti cha msusi, maana kukaa peke yake na kile kimya cha chumbani kulimshinda. Msusi aliongea kwa ajili ya wote wawili. Wakati mwingine katikati ya maneno alinyamaza ghafla, kana kwamba anasikiliza ukutani, kisha akaendelea.

Mtoto aliuliza mara moja tu.

"Bibi, mahakama imesema nini?"

"Haikusema, mjukuu wangu."

"Haikusema alikunywa?"

"Haikusema lolote."

"Basi bado sijui nikawaambie nini," mtoto akasema, akachukua daftari lake, akaenda kukaa mlangoni.

Mwezi wa tano tangu shauri kufutwa, mpiga chapa alimtumia salamu kwamba majalada yaliyofungwa yanapelekwa stoo, mwenye kitu chake ndani aende akachukue. Akaenda kuifuata suruali ya Kimya.

Karani alikuwa yule yule kijana mwembamba. Alimkumbuka, akamwamkia kwa heshima, akamvutia kiti. Akashusha jalada kutoka juu, akapuliza vumbi, akakata uzi. Bahasha ya kaki ikatoka. Nyuma yake ikateleza fomu, ile yenyewe, ikaanguka sakafuni. Iliangukia kifudifudi.

Karani aliinama kuiokota, akabaki ameinama.

"Mama," akasema. "Huku nyuma kumeandikwa."

"Ndiyo, mwanangu. Ni maelezo. Huwa naandika nyuma."

Akasoma. Mama Vipimo aliona midomo yake ikitembea mpaka pale pa Mungu ni shahidi. Kijana akaketi chini kabisa, kwenye rundo la majalada.

"Nakala nilitoa mimi," akasema. "Nilitoa mbele tu. Sikugeuza. Hakimu hakuyaona haya. Mama, hakuyaona hata kidogo."

Ilichukua muda maneno yamfikie. Hakuyaona. Basi hakumwita mwongo. Miezi mitano alikuwa ameinamisha kichwa hata mbele za Mungu wake, akijiuliza ni wapi katika kiapo kile alikosea, na kumbe hakuna aliyekisoma.

"Sasa kunafanyika nini?" akauliza polepole.

Karani alitikisa kichwa. "Siku za kuomba hakimu atazame upya zilikuwa thelathini. Zimepita. Na kufungua upya, ile miaka mitatu nayo imepita. Nimekuharibia, mama. Mimi ndiye niliyekwambia uandike kila kitu."

Mama Vipimo aliifungua bahasha. Suruali ilikuwa imekunjwa vizuri, na doa lilikuwapo, palepale pajani, halijafifia. Aliweka kiganja juu yake. Kisha, kwa kuwa kijana alikuwa analia na alikuwa mtoto wa mtu, aliinua mkono huo huo akamshika begani, pale shati lilipompwaya.

"Usilie. Hukujua kama kuna nyuma. Hukufundishwa."

"Nikufanyie nini, mama? Niambie chochote. Kama kiko ndani ya uwezo wangu nitakifanya."

Akafikiri. Nje walikuwa wanaita namba za watu wengine. Karani alikuwa ameshashika kalamu, na jalada lilikuwa wazi magotini mwake.

"Mwanangu, kabla hujalipeleka stoo, naomba uandike juu ya jalada, mbele, si nyuma: chupa ilikuwa ya mafuta ya cherehani ya mama yake."